Si, La, Sol

Osha mikono kwanza, Muzna.
Halwa ikiingia tunduni haitoki,
utakuja kupiga filimbi yenye zafarani.

Njoo hapa ngazini. Bibi yako amelala,
na sebuleni kiyoyozi kinanguruma noti yake moja
tangu mwezi wa nne. Hatushindani nacho.

Filimbi yenyewe ni plastiki, rangi ya maziwa,
riali moja na baisa mia mbili, pale Mawaleh.
Tarumbeta langu la kwanza lilikuwa la shaba na la serikali;
kila jioni nililirudisha, nikatia saini daftarini.
Hii ni yako. Lala nayo ukitaka.

Gumba nyuma. Kidole cha shahada mbele,
tundu la juu kabisa. Usipulize bado.
Nimesema bado!

Haya. Paka wote wa Al-Hail wamepata habari.

Pumzi hii si ya kuzima mshumaa, mama.
Ni ile unayoitia kwenye kioo cha gari
asubuhi ya Januari, uandike jina lako kwa kidole.
Na ulimi useme: tu.
"Tu nini, Babu?"
Tu, basi.

Tu.

Umeisikia? Hiyo inaitwa si.
"Si nini?"
Si. Ndilo jina lake.
Unacheka na filimbi ingali mdomoni,
inapiga ukelele, mate yanashuka mpaka kwenye kiwiko.
Kiswahili chako kimekubana kama kanzu ya Idi ya mwaka juzi,
lakini hili umelidaka hewani.
Ongeza kidole cha kati: la.
"La!" unasema, umekunja uso kama mama yako,
na kweli, kwa lugha zako zote mbili ni kukataa.
Noti ya kwanza inakanusha, ya pili inagoma.
Ala gani hii inayobishana na mwalimu?

Sasa cha pete. Sol.
Tazama changu.
Kinaishia hapa, mviringo, kama raba iliyochoka kufuta.
Mlango wa gari la bendi, Ruwi, wiki aliyozaliwa mama yako.
Kwa tarumbeta haikuwa shida,
mkono wa kushoto kazi yake kubeba tu.
Lakini filimbi ya watoto haisamehi:
nafunika, na upepo unapita pembeni,
inatoka sauti isiyo na kwao,
si la, si sol.
Fanya kama mimi, nilikwambia.
Neno hilo nilikwambia mara ngapi?

Wiki ya tatu Abla Hanan aliandika kwenye daftari lako,
kalamu nyekundu, Kiarabu safi cha shule:
*Vidole vizuri. Sol inavuja. Nani anamfundisha nyumbani?*

Nikakuketisha ngazini, nikavaa miwani.
Si, sawa. La, sawa.
Ulipofika sol ulikiinamisha kidole, kwa makusudi, kwa adabu,
ukaacha hilali nyembamba ya tundu wazi
pale pale ninapoiacha mimi.
Vidole kumi vizima alivyokupa Mungu,
na umejifunza kukosa kimoja.

Sikucheka. Nilisema nina kiu, nikaenda jikoni,
nikafungua bomba, nikasahau glasi.

Niliporudi nilikushika kile kidole, nikakilaza,
nyama ya ncha yote juu ya tundu.
Puliza. Tu.
Sol ikatoka nene, imetulia,
na kule chumbani bibi yako akauliza nani yuko mlangoni.

Tangu siku hiyo shuleni unapata nyota.
Jana umekuja, mikono umeosha bila kuambiwa,
umekaa ngazi ya tatu, filimbi kidevuni.
"Babu, leo tupige sol ipi,
ya shule au ya kwako?"

Ya shule, nikasema. Bila shaka ya shule.

Ukapiga mara mbili. Safi kabisa.

Nikainuka, goti likalia,
nikaenda nikafunga mlango wa bibi yako polepole,
nikarudi nikakaa.
Haya, lete ile nyingine.